Meza ya Kupita Juu ya Kitanda

Mimi nina hasira, watu wote wa Kataki wanajua, basi sijifichi: hata leo nikimuona Mama Alphonsine barabarani, moyo unanipanda kwanza, halafu ndipo huruma inakuja.

Mutoto wake Evodie alikuwa anapigia korali yetu sinte, kile kinanda kidogo cha umeme kinachobebwa kwapani. Moyo wake ulikuwa mugonjwa tangu utoto, na mwaka huu ukamulaza kabisa. Kukaa hawezi, kuimba hawezi, pumzi inakata. Lakini kichwani alikuwa na wimbo mupya aliotungia korali, na alitaka kitu kimoja tu kabla ya kwenda: autoe kwa vidole, naye Damien, kiongozi wa korali, aunase kwenye telefone.

"Papa Onésime," aliniambia polepole, "wakiniwekea sinte kwenye tumbo, inanikaba. Unitengenezee meza yenye kupita juu ya kitanda."

Yaani kama daraja: miguu miwili huku, miwili kule, ubao katikati, na ukingo mudogo ili sinte isimuteremkie usoni. Nikasema hiyo kazi ndogo. Nikatoa kamba yangu nipime kutoka godoro mpaka kiwiko chake.

Mama Alphonsine akaruka. "Ah non! Wewe fundi wa masanduku ya wafu! Mutoto wangu amelala, na wewe unamutolea kamba?"

Kweli, masanduku njo yananilisha. Na huku kwetu fundi wa masanduku hapimi muntu mwenye uhai akiwa amelala, wanasema ni kumuitia kifo. Lakini kiwiko, jamani!

"Mama, napima meza, simupimi yeye."

"Kamba ni ileile!"

Evodie akacheka kidogo. "Mama, muache." Mama hakuniacha. Mwishowe akalala yeye mwenyewe kwenye mukeka pale sebuleni, akakunja mikono kifuani. "Nipime mimi." Mwanamuke munene vile, na mutoto amebaki mifupa! Nikapima nikiuma meno.

Nilichagua mbao ya mulombwa, nikapiga randa mpaka ubao ukateleza, pembe zote nikazizungusha zisimuchubue. Meza ilikuwa nzuri, na ilikuwa juu mno.

Nilijua palepale tulipoiweka. Evodie aliinua mikono, vidole vikafika, lakini viwiko vikaning'inia hewani. Tukavitilia mito. Damien akawasha telefone, na mutoto akaanza kupiga. Ee Mungu wangu, wimbo ule! Ulianza chini, taratibu, ukapanda kidogo kidogo, na mimi machozi yakanitoka bila haya. Pale ulipotaka kugeuka, mikono yake ikaanguka.

"Sehemu ya pili njo wimbo wenyewe," akasema. "Hii ya kwanza ni kupiga hodi tu."

"Pumzika. Naenda kukata miguu, narudi sasa hivi."

Mama Alphonsine hakusema habari ya kamba tena. Aliinua mukono wa mutoto wake, akaushika pale unapopumzika vizuri, akaniambia, "Papa, kata mpaka hapa. Fanya mbio." Nikaweka alama, nikatoka mbio na meza kichwani. Nilikata miguu yote mine bila hata kukaa chini. Niliporudi, nilikuwa bado kwenye kona ya nyumba yao niliposikia kilio.

Makaburini, korali iliimba ile sehemu ya kwanza iliyobaki kwenye telefone. Maneno hatukuyajua, kwa hiyo waliiimba wakiwa wamefunga midomo. Wakafika pale mikono ilipoanguka, wakanyamaza.

"Endeleeni," Mama Alphonsine akasema.

Damien akamusogelea. "Mama, inaishia hapa."

"Haiishii hapo! Mutoto alisema kuna nyingine. Endeleeni, nawaambia!"

Hakuna aliyethubutu kumutazama. Damien alirudi mahali pake, akainua mukono, na korali ikaanza tena kutoka mwanzo.