Uzito wa Siwa

"Kwa heshima na taadhima, umma wote wa Jimbo la Mbiabong, wenye navyo na wasio navyo, waliokula na walioahirisha kula, unaarifiwa kwamba Bunge Tukufu limekutana leo kwa utulivu, kwa upendo na kwa moyo mmoja, ili kuwapunguzia wananchi makali ya..."

Hapo kiatu kikampata Spika mdomoni.

Kilikuwa kiatu kizuri, cheusi, cha ngozi, chenye ncha. Mheshimiwa Spika Arit Ekong alitema damu na kipande cha jino juu ya hotuba yake, akaipangusa kwa kiganja, akamalizia: "...makali ya maisha." Ni mwanamke asiyependa kuacha sentensi njiani.

Juu, kwenye roshani ya wageni, Idara Udofia alijikunyata ndani ya sare yake. Walimu wa bweni walikuwa wameleta darasa zima la wasichana kujifunza adabu za mjadala.

Hoja yenyewe haikuhitaji elimu. Ghala la nafaka la jimbo lilijaa mchele na garri, unga wa muhogo, hadi milangoni, na nje ya ghala wazazi walikuwa wakila kwa zamu na watoto wao. Spika alitaka ghala lifunguliwe, wanawake wa sokoni wagawe chakula bure kila wilaya. Mheshimiwa Ubong Inwang, mwenye kile kiatu, alitaka wabunge wenyewe ndio wagawe, ndani ya mifuko yenye picha zao. Mifuko ilikuwa imeshachapwa. Kwenye mfuko wake Inwang ametabasamu meno yote, na chini yake imeandikwa: UBONG ANAKUJALI. Utaitupaje mifuko kama hiyo?

Lakini Idara hakuwa akiwaza mchele. Macho yake yalikuwa kwenye siwa, rungu la heshima la Bunge.

Siwa ililala mezani mbele ya Spika, ya rangi ya dhahabu, na nyuma yake alisimama baba yake, Etim Udofia, mpambe wa Bunge, mbeba siwa, joho jeusi, glavu nyeupe, shingo imemkonda. Bila siwa mezani hakuna kikao, na bila kikao hakuna sheria. Ndiyo maana mbunge wa jimbo lile akiona kura zitamshinda hapotezi muda kwa hoja: anapora siwa, anaruka nayo ukuta. Kwa hofu hiyo Spika alikuwa amemwamuru Etim aende nayo nyumbani kila jioni, alale nayo. Na nyumbani kwa Etim yuko Idara, aliyepewa ruhusa ya kulala kwao mwisho wa wiki.

Ile iliyokuwa mezani haikuwa siwa. Ilikuwa mchi wa zamani wa mama yake Idara, wa kutwangia viazi vikuu, uliochomekwa juu yake boya la tangi la choo, vyote vikapakwa rangi ya dhahabu kwa ajili ya bunge la mchezo la wanafunzi. Alikuwa amezibadilisha asubuhi hiyo ya Jumatatu, baba akiwa bafuni. Siwa halisi ilikuwa chumbani kwa mama, ndani ya mkeka uliokunjwa. Alikusudia kuirudisha jioni, watu wacheke bwenini, basi. Sasa aliliona jambo ambalo kitandani hakuliona: ikigundulika, anayefungwa si yeye. Ni baba, na mshahara wa baba ndio pekee unaoingia mle ndani.

"Umeshinda dau, dada," Mfon, rafiki yake, alimnong'oneza. "Wote wamekiinamia choo. Kopo la maziwa ni lako."

"Nyamaza wewe."

"Nakuongezea na kijiko."

"Mfon, nitakuzaba kofi!"

Chini, Inwang alikuwa amekwishapanda juu ya meza, mguu mmoja una kiatu, mmoja una soksi.

"Hoja hii haipiti! Wanawake wa sokoni? Hao wanaopunja kikombe?"

"Wanapunja kikombe, wewe unapunja jimbo!" alijibu mama mmoja, mbunge wa kando ya mto, akamvuta ile soksi.

Inwang alianguka na meza yake. Baada ya hapo utulivu, upendo na moyo mmoja vilitawala kama ifuatavyo. Mbunge wa mjini aling'oa kipaza sauti na waya wake, akamchapa jirani yake usoni mpaka jicho likafumba. Jirani akamng'ata sikio, akalitema kapetini. Kiti kiliruka, kikavunja taya ya karani ambaye hakuwa na upande wowote. Mzee mmoja, shemasi kanisani, alimkaba mwenzake kwa tai yake mwenyewe, akiomba samahani huku akikaza. Mama wa kando ya mto alikamata miguu ya kiti, akafyeka safu nzima ya mbele, na kila aliyeanguka alikanyagwa na waliokuwa wakikimbilia mahali pamoja: mezani.

Etim aliikumbatia siwa kifuani.

"Lete hiyo kitu, mzee," alisema Inwang, pua inamchuruzika damu.

"Mheshimiwa, nina kiapo."

"Kiapo kinajaza tumbo? Lete!"

"Labda uniue kwanza."

"Basi hilo tu?"

Walimshika mikono watu wawili. Wa tatu akampiga teke la goti, likalia. Etim hakuachia. Inwang akamuuma vidole, glavu nyeupe ikawa nyekundu, akainyakua siwa, akaiinua kwa mikono miwili na kuishusha kichwani kwa mzee.

Siwa halisi ni shaba nyembamba, ndani tupu kama bomba. Etim mwenyewe alizoea kutania nyumbani kwamba ni nyepesi kama ahadi za wanaoiinamia. Ingempata, ingepinda. Mchi haupindi. Idara alikuwa amekua akitwanga kwa mchi ule. Aliijua sauti yake ukitua kwenye kitu kibichi, na ndiyo aliyoisikia.

Baba yake alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, kisha akalala, na damu ikatoka chini ya kofia yake ikifuata mstari wa kapeti.

"Wanaoafiki!" Spika alipiga kelele.

"Ndiyooo!" walijibu watu kutoka chini ya meza.

"Wasioafiki!"

Wasioafiki walikuwa wakipigana. Spika alichukua kiatu cha Inwang, akakigonga mezani. "Imepita!"

Idara alikuwa ameshafika ngazini, akiwapiga vikumbo askari. Alipopiga magoti kwa baba yake, boya lilichomoka kwenye mchi mkononi mwa Inwang, likadunda kapetini, rangi ikabanduka, na likasimama katikati ya Bunge Tukufu likiwa la rangi ya chungwa.

Kila mtu alilitazama. Kila mtu ana choo.

"Siwa ya bandia!" Inwang alianza kucheka. "Hakukuwa na kikao! Hakuna sheria! Inspekta, mfunge huyu mzee, kaiuza siwa!"

Inspekta alitoa pingu. Idara alifungua kinywa. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi, lakini Spika aliwahi, akizungumza polepole kwa sababu ya mdomo.

"Ni kweli, Inspekta. Kama ile si siwa, hatukuwa na kikao. Na kama hatukuwa na kikao, Mheshimiwa Inwang hana kinga ya kibunge. Ni mwanamume tu aliyempasua mzee kichwa kwa mchi, mbele ya kamera. Mzee akifa, utaandika nini?"

Pingu zilining'inia hewani. Inwang alitazama damu kwenye kanzu yake, akatazama mchi mkononi. Kicheko kilimwisha.

"Nani kasema ni ya bandia?" aliuliza. Aliokota boya, akalichomeka juu, akaupangusa mchi kwa kanzu yake. "Siwa hii naijua mimi. Ningeitambua hata gizani. Ni... ni siwa kabisa."

"Na sheria?"

"Imepita," alisema Inwang.

Idara akafunga kinywa.

Gari lililompeleka Etim hospitali lilikwama mbele ya ghala. Habari ilikuwa imefika kabla yao na watu hawakusubiri funguo. Lango lilikuwa limelazwa chini, na chini yake mlinzi analilia mguu wake. Askari walipiga virungu, wanawake wakawapiga kwa mabeseni, mmoja wao akizunguka na kichwa kilichopasuka huku hajaliachia beseni. Moshi wa mabomu ya machozi ulipita juu ya mchele. Watu walichota kwa vitenge, kwa kofia, kwa mifuko ya UBONG ANAKUJALI. Idara alibonyeza kitambaa kichwani mwa baba yake na kuwatukana wote watoke njiani.

Etim alishonwa. Aliamka kesho yake mchana, jicho moja limevimba, akaomba maji, akanywa, akamgeukia binti yake.

"Imepita?"

"Imepita, Baba. Mama amepata mchele."

"Vizuri." Aligusa bandeji. "Siwa yangu ni bomba tupu, Idara. Ningepigwa nayo ningeinuka nikamcheka yule bwana."

Idara alimwongezea maji.

"Jana asubuhi nilipoinyanyua ilinilemea. Nikasema, Etim, hii ni njaa. Umewaachia watoto chakula chako siku nyingi mno. Nikaona aibu hata kumwambia mama yako. Ule mchi wake wa zamani uko kwa nani?"

Idara ndiye bingwa wa mdahalo bwenini kwao. Ana hotuba ya kila tukio: ya kujitetea, ya kumsingizia Mfon, hata ya kuzimia. Alizitafuta zote.

"Mimi, Baba," alisema. "Siwa iko ndani ya mkeka, chumbani kwa Mama. Tuliwekeana dau la kopo la maziwa."

"Na boya?"

"La choo cha walimu," alisema Idara, na hapo ndipo alipoanza kulia.