Ndoo ya Mama Mweri

Mama Mweri angekubali umtukane yeye, lakini si kisima chake. Kafedha, mwanafunzi wa afya ya jamii, alipomwonyesha vichupa vya kupimia vilivyogeuka vyeusi na kusema maji yale ndiyo yanayowaharisha watoto wa Timbwani, alifukuzwa uani.

Kesho yake alirudi, akaamkia, akakaa akiwatazama wachotaji. Kila aliyemaliza aliibwaga ndoo ya kisima chini, palepale kuku walipochakura, na aliyefuata akaitumbukiza na uchafu wake.

"Mama, kisima hakina kosa," Kafedha akasema. "Kosa ni ndoo kulala chini."

Mama Mweri akaitazama ndoo, kisha akaenda kumletea nyundo. Wakatia dawa kisimani, wakasimamisha mti, wakaupigilia msumari wa kutundikia ndoo.

Baada ya mwezi Kafedha alikuja kupima tena, na safari hii hakuna kichupa kilichogeuka cheusi. Kwa furaha akachota maji anawe uso, kisha akaiweka ndoo chini.

"We mwana, hukufunzwa kwenu?" Mama Mweri akamkemea. "Hapa ndoo haiwekwi chini. Tundika."