Alama za Mawe ya Redio

Mwaka wa 1972 niliitwa Kisii kwenye kamati ya kutunga mtaala na mtihani mpya wa somo la redio na umeme. Wenzangu walikuwa na digrii. Mimi nilikuwa fundi wa redio Keroka, niliyesomea kwenye madarasa ya jioni, na siku hiyo nilivaa tai kwa mara ya kwanza ili nifanane nao.

Mtihani wa majaribio uliuliza: mawe ya redio, yaani betri, yakiisha nguvu, utafanya nini? Karibu watoto wetu wote waliandika kwamba watayaanika juani. Mkaguzi kutoka Nairobi, Bwana Mwakio, aliwapa sifuri.

"Hawa bado," alisema. "Somo lianze kwingine. Kisii ingoje miaka mitano."

"Wewe umewahi kuyaanika?" nikamuuliza.

"Bwana Nyasani, mawe si mahindi!"

Wote wakacheka. Nikayatoa mawe yaliyokufa kwenye redio ya ofisi, nikayapanga juu ya bati kabla mvua ya mchana haijafika. Ilipokaribia saa saba nikayarudisha, nikaifungua redio. Taarifa ya habari ikasikika hadi barabarani.

"Yatadumu muda gani?" Mwakio akauliza, hacheki tena.

"Nusu saa. Joto huamsha nguvu iliyobaki, haliongezi mpya. Mtoto anayeweza kueleza hivyo anaijua redio."

Mwakio akachukua kalamu, akaandika kwenye mwongozo wa kusahihisha: kuanika juani, alama moja, kueleza kwa nini hayadumu, alama mbili. Kisha akaiandika Kisii juu kabisa ya orodha ya wilaya za kuanza.

Nilirudi Keroka na tai yangu shingoni, na sikuivua mpaka wakati wa kulala.