Dakika Tisa za Kamanda Lofaro

Kamanda Gaspare Lofaro aliamini kwamba ana jicho. Watu wengine wote wa Serrafosca walikuwa na macho ya kawaida ya kutazamia, lakini yeye, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa na jicho, na jicho hilo lilimtosha kiasi kwamba hakuona haja ya kutazama.

Sifa hiyo ilitokana na tikiti maji. Serrafosca ina barabara moja tu ya kushukia pwani, na ndiyo hiyohiyo iendayo hospitali. Tangu enzi za mababu, mtu anayekimbiza mgonjwa kwa gari lake hupiga honi mfululizo na kupeperusha leso nyeupe dirishani, na wenye magari humpisha bila kuuliza. Wajanja wa mwezi wa Agosti waliligundua hilo, nao wakaanza kupeperusha leso ili wawahi kivuli ufukweni. Mwaka uliopita Lofaro alisimamisha gari moja la namna hiyo, akafunua blanketi kwenye kiti cha nyuma, akakuta tikiti maji lililolazwa kama mgonjwa. Amelisimulia tukio hilo kila siku tangu hapo, na kila akilisimulia tikiti linaongezeka uzito.

Ersilia Marrapodi alikuwa ameshalisikia mara zisizopungua hamsini. Alikuwa askari wa msimu, wale ambao manispaa huwaajiri kwa miezi mitatu ya joto na kuwasahau Septemba. Majira ya baridi alifundisha hesabu kwa kuziba nafasi za walimu wagonjwa. Ule ulikuwa msimu wake wa tatu, na mwezi uliofuata kulikuwa na usaili wa nafasi moja ya kudumu. Mwenyekiti wa jopo alikuwa Lofaro.

Tarehe kumi na nne Agosti, saa sita na dakika arobaini na moja mchana, walipokuwa zamu pamoja kwenye barabara hiyo, gari dogo la kijivu lilitokea kando ya foleni ya magari, honi ikilia na leso ikipepea. Lofaro alitabasamu na kuinua kibao chake cha kusimamishia magari. Ersilia alitaja namba za gari kwenye redio, kama kanuni inavyotaka, na kule kituoni wakaandika saa.

Dereva aliitwa Donato Scalzi, mtu wa miaka hamsini na nane, dereva wa basi la shule. Alieleza mambo yote kwa sentensi mbili. Mkewe Cesira alidungwa na nyigu wawili shingoni walipokuwa wakichuma tini. Alikuwa na mzio, na koo lilikuwa likifunga. Kwenye kiti cha nyuma mwanamke alikuwa amekaa wima, mikono imeshika magoti, midomo imevimba hadi sura imepotea.

Lofaro hakutazama kiti cha nyuma. Mwaka jana kiti cha nyuma ndicho kilichokuwa na hila, na mdanganyifu mwerevu, alivyofikiri, hatumii mahali pamoja mara mbili. Akaomba leseni. Akaisoma mbele na nyuma. Kisha akaamuru buti ifunguliwe.

Ndani ya buti kulikuwa na kreti ya tini.

“Ahaa,” alisema Lofaro, akiokota moja na kuigeuzageuza kama hakimu. “Na hizi nazo zimelazwa wodi gani?”

Kwenye foleni watu walicheka. Donato alimwambia kwamba kreti ilikuwa mle kabla ya nyigu, na kwamba anaweza kuichukua yote akipenda, na gari pia, ila amwache apite.

“Hongo hiyo?” aliuliza Lofaro. “Binti, umesikia? Ananihonga tini.”

Ersilia alikuwa ameinama dirishani. Aliona kucha za yule mama zimeanza kuwa za buluu, akasikia pumzi yake ikipita kwa mluzi mwembamba, mara ipite, mara isipite. Alisimama wima na kusema kwa sauti ileile anayosomea namba za magari:

“Afande, huyu mama hapumui.”

“Hata mke wangu hupumua hivyo nikimwambia Jumapili tunakwenda kwa mama yangu.”

Foleni ilicheka tena, ingawa kidogo zaidi, maana waliokuwa karibu walikuwa wameshaona sura ya Cesira. Donato hakungoja kicheko kiishe. Aligeuka kurudi kwenye usukani, na hapo ndipo Lofaro alipopata alichokuwa akikingoja katika miaka ishirini na sita ya kuelekeza magari: mtu aliyegeuka bila ruhusa. Alimdaka mkono, akaupinda mgongoni, akamlaza kifudifudi juu ya boneti iliyokuwa ikiunguza kama kikaango. Donato hakurusha ngumi wala teke. Aliita jina la mkewe. Kifundo cha mkono kililia, sauti kavu na ndogo, kisha pingu zikafungwa juu yake.

“Kuzuia askari kazini,” alitangaza Lofaro huku akihema. “Hilo sasa ni kosa la jinai, mzee. Basi la shule utalisikia likipita.”

Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Mwenye hukumu ya namna hiyo haruhusiwi kuendesha watoto.

Ersilia aliita gari la wagonjwa. Alijibiwa kwamba lingetoka hospitali hiyohiyo na kupenya foleni hiyohiyo, dakika ishirini na tano. Alifanya hesabu, na jibu halikuwa gumu. Hapo akahamia mkondo wa redio unaosikika wilaya nzima, ofisi ya meya ikiwemo, akasema kwamba doria ya Kamanda Lofaro inamzuia mgonjwa anayekata roho, na anaomba maelekezo.

Badiliko lililompata Lofaro lilikuwa la haraka kuliko dawa yoyote. Alirukia gari la doria, akawasha king'ora, akapaza sauti kwamba kila mtu ampishe. Donato alisukumwa kwenye kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe, kando ya mkewe, mikono ikiwa bado na pingu; Ersilia akashika usukani. Waliondoka saa sita na dakika hamsini, na kule kituoni wakaandika saa hiyo pia.

Hospitalini daktari alimchoma Cesira sindano akiwa bado kwenye kitanda cha magurudumu. Baada ya robo saa, rangi ilianza kumrudia. Daktari alitoka na kuuliza ni nani aliyemchelewesha mgonjwa huyu. Lofaro alipiga saluti.

“Sisi ndio tuliomleta,” alisema.

Kesho yake gazeti la wilaya lilimpa nusu ukurasa, na picha akiwa na shada la maua kando ya kitanda cha mwanamke asiyeweza bado kufungua macho vizuri. Ingekuwa furaha tupu, kama si mkono wa Donato. Mkono ulikuwa umevunjika, hospitali ilikuwa imeandika hivyo, na mkono uliovunjika ndani ya pingu huhitaji maelezo.

Lofaro aliyatunga maelezo hayo kwa siku mbili na kumwita Ersilia asaini. Aliyasoma akiwa amesimama. Kamanda alitambua dharura papo hapo. Dereva, akiwa amerukwa na akili kwa hofu, aliwashambulia waokoaji. Nguvu kidogo ilitumika ili mkewe aokolewe. Muda wote wa kusimama ulikuwa dakika mbili. Tini hazikutajwa.

Lofaro alimweleza kwa upole wa mtu anayetoa zawadi. Askari mzuri, alisema, ni yule anayejua lini kanuni ikaze na lini ilegee, na wanajopo wa mwezi ujao watatafuta hasa busara ya aina hiyo.

“Zilikuwa tisa,” alisema Ersilia.

“Tisa nini, binti?”

“Dakika, afande. Kituo kina saa zote mbili.”

“Saa ni saa tu. Wewe ulikuwa pale. Uliona mtu anavyopigana.”

“Niliona mtu amelala kwenye boneti anamwita mkewe.”

Alirudisha karatasi mezani, kalamu juu yake. Ya kwake aliiandika jioni hiyo, ukurasa mmoja na nusu, bila kivumishi hata kimoja, na asubuhi akapanda basi hadi mji mkuu wa mkoa akaikabidhi mwenyewe kwa mwendesha mashtaka. Karani aligonga muhuri bila kuinua kichwa. Kwenye usaili wa Septemba aliulizwa swali moja, kuhusu upana wa mistari ya kuegeshea magari. Alijibu sawasawa, kisha akashukuriwa kwa kuja.

Mwendesha mashtaka alilifunga faili la Donato kwa mistari minne: hapakuwa na shambulio, basi hapakuwa na kosa. Hakuandika mstari wa tano, unaouliza basi mkono ulivunjwa kwa nini. Sikukuu ya mtakatifu wa mji ilipofika, meya alimpa Lofaro ngao ya shaba kwa uokoaji, na Lofaro alilia mbele ya watu, kwa dhati, kwa kuwa kufikia wakati huo alikuwa ameshaamini.

Novemba, plasta ilipotolewa, Donato alirudi kwenye basi lake. Njia yake inapita pale pale, na kila asubuhi saa moja na robo Lofaro humsimamishia magari mengine ili apite, kisha humpungia mkono kwa uso mkunjufu, kama mwokozi anayekutana na mtu aliyepata kumwokoa. Donato hutazama mbele, mikono yote miwili juu ya usukani, kama sheria inavyotaka.