Kioo cha Patroli ya Mama Mdogo

Kioo nilikivunja mimi, Winfrida, siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi ya mama yangu mdogo. Nilikivunja kwa kitanda chake cha harusi.

Mama Mdogo Prisca alikuwa na miaka hamsini na miwili mwaka huo wa 2004. Alikuwa fundi cherehani pale sokoni Nachingwea, mjane kwa miaka tisa, na alikuwa akiendesha gari lake mwenyewe, Patroli ya zamani ya kijivu aliyoachiwa na marehemu mumewe, Kipriani. Gari lile lilikuwa na tabia zake. Ukikata kona ya kushoto honi inalia yenyewe, na mlango wa nyuma ulifungwa kwa waya. Lakini vioo vyote vilikuwa vizima, na Mama Mdogo alivifuta kila asubuhi kabla hajafungua duka.

Mchumba wake, Lukasi, alikuwa mgane wa miaka sitini na mmoja, mkulima wa ufuta kutoka Mandawa, upande wa Ruangwa. Mtu mpole, wa maneno machache. Kila alipokuja Nachingwea alileta suruali ikunjwe pindo. Ilichukua Mama Mdogo miezi minne kugundua kwamba suruali ni ile ile, na kwamba Lukasi alikuwa akifika kwao anakaa kitandani na wembe, anafumua pindo zote mbili, halafu anairudisha. Alipomuuliza, Lukasi alitazama viatu vyake na kusema hakuwa na suruali nyingine. Mama Mdogo alicheka siku nzima. Jioni alipofunga duka alikuwa ameshakubali kuolewa.

Basi, Alhamisi hiyo tulikuwa tunapandisha kitanda juu ya keria ya gari ili kipelekwe Mandawa. Kilikuwa kitanda kipya cha mninga, kizito kama mtumbwi. Mume wangu alishika mbele, mimi nyuma. Mama yangu, Dorotea, ambaye ni dada mkubwa wa Mama Mdogo, alisimama pembeni akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Akauliza kitanda kikubwa hivyo cha nini, na bwana harusi mwenyewe ni mfupi. Mama Mdogo akajibu kwamba amechunguza na kuambiwa ni mfupi anayegaragara.

Nilianza kucheka, na mikono yangu ikaishiwa nguvu. Kitanda kikateleza, na mguu wake mmoja ukaingia moja kwa moja kwenye kioo cha ubavuni, kile cha nyuma kabisa upande wa kulia. Kioo hakikuvunjika vipande vipande. Kilimwagika chote kwa mara moja, punje punje kama chumvi ya mawe, nusu ndani ya gari na nusu miguuni mwangu.

Mama alishika kichwa. Alisema hiyo ni ishara, harusi iahirishwe, kitanda hakiwezi kuvunja nyumba kabla hakijalaliwa. Mimi nilikuwa tayari kulia. Mama Mdogo alizunguka gari akautazama ule mguu wa mninga uliozama dirishani kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Midomo yake ikaanza kutetemeka, kisha akaketi chini kwenye mchanga, na kanga yake mpya, akacheka mpaka akashindwa kupumua. Alipopata sauti alisema neno moja tu, "Kimeharakisha," akaanza tena.

Fundi Ildefonsi aliitwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiitibu Patroli ile tangu enzi za Kipriani. Alipima, akaguna, akasema kioo cha namna hiyo hakipo Nachingwea wala Masasi, na kuagiza Dar es Salaam ni wiki mbili kwa bahati nzuri. Akabandika karatasi ya nailoni kwa gundi na utepe, tukaenda kuijaribu kwenye barabara ya Ruangwa. Kwa kilomita tatu nailoni ilinguruma kama simba aliyebanwa mkia. Kilomita ya nne ikang'oka, ikapaa, ikatua kwenye shamba la mihogo la mtu. Vumbi lote la Julai likahamia ndani. Tuliporudi, nyusi za Mama Mdogo zilikuwa nyekundu, na mimi nilipopiga chafya ilitoka rangi ya matofali.

Hapo ndipo tatizo lilipoonekana wazi. Gauni la harusi alilishona mwenyewe, la satini, rangi ya maziwa. Ndani ya gari wangekaa wanawake saba waliovaa sare. Wakifika Mandawa kwa namna ile, padri angedhani wametoka kuchimba kisima. Mume wangu akapendekeza tukodi gari jingine. Mama Mdogo akakataa. Alikuwa amemwambia Lukasi kwamba atajiendesha mwenyewe mpaka mlango wa kanisa, na Lukasi, kwa maneno yake machache, alikuwa ameshawaambia watu wa Mandawa wote.

Fundi Ildefonsi alikuwa ameinama akichunguza mpira uliozunguka tundu la dirisha. Mpira ulikuwa salama. Akasema taratibu kwamba anakumbuka Patroli nyingine kama hii, mama mmoja baba mmoja, iliyofia Kilimarondo. Aliyekuwa nayo ni Mzee Harithi, na vioo vya nyuma vilikuwepo mara ya mwisho alipoiona. Mama Mdogo hakuuliza mara ya mwisho ilikuwa lini. Alichukua boksi la sabuni, akalikunjua, akaliweka kwenye tundu la dirisha na kulichora kwa chaki yake ya kushonea, akalikata kwa mkasi. Akapata umbo kamili la kioo, wima upande wa mbele, mshazari upande wa nyuma.

Ijumaa alfajiri tukaondoka watatu kwenda Kilimarondo, Mama Mdogo kwenye usukani, fundi, na mimi niliyekataa kuachwa kwa sababu ya dhambi yangu. Ni mwendo wa saa tatu kwa gari lile. Tulijifunga vitambaa usoni, na kila kona ya kushoto honi ililia, watu wa mashambani wakatupungia mikono wakidhani tunawasalimu. Mama Mdogo aliwapungia wote.

Mzee Harithi tulimkuta uani akipepeta ufuta. Tukampa shikamoo, akaitika, akatuketisha kwenye mkeka, akasikiliza habari yote tangu kitanda mpaka nailoni bila kubadilisha uso. Kisha akasimama akatuonyesha gari. Lilikuwa limekaa kwenye magogo nyuma ya nyumba, halina magurudumu, limeotewa na mboga za maboga mpaka kwenye boneti. Ndani, kwenye kiti cha nyuma, kuku mwekundu alikuwa anaatamia.

Kioo cha kulia hakikuwepo. Mzee alieleza kwamba nyani waliingia mwaka juzi wakitafuta mahindi, wakatokea upande huo. Kilichobaki kilikuwa cha kushoto.

Fundi Ildefonsi aliweka boksi letu juu ya kioo kile. Mshazari wa boksi ulielekea huku, wa kioo ukaelekea kule. Alilivua kofia lake la sufu, akalikunja, akalivaa tena. Nilihesabu miti ya mikorosho iliyokuwa mbele yangu ili nisimtazame Mama Mdogo.

Yeye alilichukua boksi mkononi mwa fundi. Alilitazama kidogo, akiwa ameinamisha kichwa kama anavyofanya pale mteja anapomletea kitambaa pungufu. Halafu akaligeuza, upande wa ndani ukawa nje, akaliweka tena juu ya kioo. Likakaa. Pembe zote nne zikakutana.

"Fundi," alisema, "mkono wa kushoto ukiugeuza ndani nje, unakuwa mkono wa kulia. Mimi kazi hiyo naifanya kila siku kwenye mashati."

Ildefonsi aliinama, akafumba jicho moja, akakitazama kioo kwa ubavu. Kilikuwa bapa kama meza, hakina mbonyeo wowote. Akapitisha kidole juu yake kutoka juu hadi chini. Alipoinuka alikuwa anatabasamu kwa aibu. Akasema amefanya kazi ya magari miaka ishirini na sita, na bado angerudi nyumbani bila kioo.

Mzee Harithi hakutaka malipo. Alikuwa na masharti mawili. Kuku asiinuliwe, maana alibakiza siku nne kuangua. Na tundu litakalobaki lizibwe vizuri, kwa sababu nguchiro wa pale hawana adabu. Mama Mdogo aliomba gunia, akatoa sindano na uzi kwenye mkoba wake, akaketi chini ya upenu wa nyumba na kushona pazia. Mzee alimsimamia. Akaomba liwe la tabaka mbili, likawa la tabaka mbili. Akaomba liwe na kamba za kufungia, zikawekwa. Mwishowe akaomba kifuko upande wa ndani. Mama Mdogo akauliza ni cha nini, mzee akasema bado hajajua. Akashonewa na kifuko.

Fundi alikata mpira mkavu wa gari lile kwa kisu huku akijinyoosha juu ya kiti kwa uangalifu. Kuku alimdonoa mkononi mara tano, na kila alipodonolewa aliomba radhi kwa sauti ya chini, kwa heshima, kama mtu aliye mbele ya mama mkwe. Mimi nilishindwa, nikaenda kucheka nyuma ya mkorosho. Kioo kikatoka kizima. Tukakiviringisha kwenye kanga mbili, nikakipakata njia nzima hadi Nachingwea kama mtoto mchanga.

Tulifika saa tisa alasiri. Watu walikuwa wamejaa uani, wengine wameleta masufuria ya harusi, na wote wakataka kuona. Fundi alikiosha kioo, akakivisha mpira wa gari letu kuzunguka kingo zake. Kwenye mfereji wa nje wa mpira akapitisha kamba nyembamba ya nailoni pande zote, ncha mbili zikaning'inia. Akapaka maji ya sabuni kila mahali. Kisha akatueleza: yeye atakaa ndani avute kamba polepole, na kamba itakuwa inaufungua mdomo wa mpira na kuuvusha juu ya ukingo wa bati. Sisi wa nje tusukume kwa viganja, hapo hapo kamba inapopita, bila kupiga.

Mara ya kwanza tulifika nusu, mpira ukaruka kwenye kona ya mshazari, kioo kikateleza na povu lake kikaangukia kifuani mwangu. Nilikikumbatia nikiwa nimefumba macho. Mara ya pili fundi akasema kona ile inataka uzito zaidi. Wote tukamgeukia mama yangu, Dorotea, aliyekuwa amekaa mbali akiwa bado na ishara yake mbaya moyoni. Mama ni mwanamke mnene, na analijua hilo.

"Dada, njoo uegemee," Mama Mdogo alimwambia. "Usisukume. Egemea tu."

Mama akainuka taratibu, akajifunga kanga, akaja akaliegemea gari kwa ubavu wake wote. Patroli ikalala kidogo upande mmoja. Ndani, Ildefonsi akavuta, kamba ikalia kwa sabuni, mpira ukawa unapinduka sentimita kwa sentimita, ukafika konani, ukasita, kisha ukaingia kwa mlio kama wa busu kubwa. Kamba yote ikamtokea fundi mkononi, akaanguka chali kati ya viti, miguu juu. Uani pakawa hapasikiki kitu kwa vigelegele. Mama alibaki ameegemea, akiogopa kuondoka, povu limempanda mpaka kwenye kidevu. Mama Mdogo akaenda akamkumbatia hapo hapo, naye Mama akaanza kucheka kwanza puani, halafu tumboni, gari zima likitikisika pamoja naye. Habari ya ishara hakuitaja tena.

Tulilijaribu kwa ndoo ya maji. Mama alijitolea kukaa ndani kuangalia kama linavuja. Akasema limevuja tone moja, na limemwangukia sikioni. Fundi akapaka gundi nyeusi konani, akatukataza kukigusa kioo mpaka asubuhi. Watoto walisimama wakishangaa maandishi madogo ya kiwandani kwenye pembe ya kioo, yaliyosomeka kinyume ukiwa nje na sawasawa ukiwa ndani.

Jumamosi Mama Mdogo aliendesha kwenda Mandawa, kitanda kimefungwa juu ya keria, gauni la satini amelikunja magotini, viatu vyake vyeupe viko kwenye mapaja yangu, yeye mwenyewe akikanyaga pedeli peku. Nyuma wanawake sita waliimba mpaka Ruangwa, wakanywa maji, wakaimba tena. Vumbi lilisimama nje ya vioo kama ukuta, ndani hamkuingia hata chembe. Tulipokata kona ya mwisho kuingia kanisani, ya kushoto, honi ikalia kwa nguvu, na watu wa Mandawa wakatoka mbio.

Lukasi alikuwa amesimama mlangoni kwa suti ya kahawia. Alilitazama gari, akamtazama anayeliendesha, akasahau alichotakiwa kufanya. Padri ndiye aliyemgusa bega akamwambia akamfungulie bibi harusi mlango. Lukasi akaenda kwa haraka upande wa abiria, akanifungulia mimi.

Ndoa ilifungwa. Wali ulikuwa umeiva, wazee wamekaa, ngoma zimekazwa. Bwana na bibi harusi walitakiwa kutoka kanisani kwa gari hadi nyumbani kwa Lukasi, umbali usiofika hata kilomita moja. Nilikaa kiti cha nyuma na maua. Lukasi alikaa mbele, mara ya kwanza maishani mwake ndani ya gari lile, mikono juu ya magoti, akimwangalia mkewe anavyobadilisha gia. Tulipofika kwenye uwanja wake, vigelegele vikaanza, Mama Mdogo akapunguza mwendo asimame.

"Prisca," Lukasi alisema, "zunguka mara moja tena."

Mama Mdogo akakata usukani kushoto, tukawapita wazee waliokwisha kusimama kutupokea, tukarudi barabarani. Tulizunguka Mandawa mara nne, wali ukipoa.