Kitenge Ubavuni mwa Ndege

Mume wangu Damas anapenda ndege za vita za zamani kama wanaume wengine wanavyopenda pombe, na mara nyingi nimetamani angechagua pombe. Mlevi hurudi nyumbani akalala. Damas, fundi wa kukereza vyuma kwenye karakana za Panda, hurudi akaanza kunieleza injini.

Kwa hiyo alipojitolea tukafanye salongo ya Jumamosi kwenye uwanja mdogo wa ndege, badala ya kuzibua mifereji ya mtaa wetu kama watu wenye akili, nilijua sababu. Pale nyuma ya kibanda cha askari ilikuwa imetelekezwa Harvard moja, ndege ya zamani ya kufundishia marubani. Miaka yote Damas alikuwa akiichungulia toka barabarani tu. Lakini salongo ni kazi ya lazima ya serikali, na hakuna askari wa kumfukuza mtu anayefyeka nyasi za taifa.

Niliogopa tangu tulipofunga mlango. Ulikuwa mwaka uliofuata vita vya Kolwezi. Waasi walisemekana kuwa ni askari wa Katanga ya zamani, ile iliyotaka kujitenga, na hata jina hilo la Katanga lilikuwa limefutwa. Mkoa uliitwa Shaba, na aliyejisahau alijuta. Jirani yetu Mathieu alichukuliwa kwa sababu ya kofia ya zamani ya askari hao iliyokutwa sandukuni mwake. Hajarudi. Ya kale hayanuki, wanasema. Aliyesema hivyo hakuwahi kuishi Likasi.

Tulifyeka. Wenzetu walibaki karibu na njia; sisi, kwa ujanja wa Damas, tukasogea, tukasogea, mpaka tukaifikia ndege yenyewe. Alipoweka kiganja juu ya bati lake, machozi yalimtoka. Hapo sikumcheka. Nilimpenda hata, kwa muda mfupi.

"Mama Rosalie, kuya uone! Hii njo ilifundishaka bapilote ba vita kubwa ya quarante! Angalia moteur!"

"Nimeona, Baba Rosalie. Sasa tuende."

"Kidogo tu."

Akachomoa mfukoni kichupa cha mafuta ya taa na kitambaa. Kumbe alikuja amejiandaa! Akazunguka upande wa pili, nikamsikia akisugua huku anapiga mluzi. Mimi niliendelea kufyeka, jicho moja kwenye panga, jingine kwenye kibanda cha askari. Baadaye akarudi upande wangu, akaanza kusugua ubavuni, nyuma ya bawa. Alitaka kuiona rangi yake ya kwanza, alisema.

Rangi ya kijivu iliyopakwa ovyo ikaanza kutoka. Chini yake ikatokea nyekundu, kisha kijani, kisha misalaba mitatu midogo ya shaba. Alama ya Katanga, kubwa kama sinia, inang'aa kama iliyochorwa asubuhi ile. Na Damas, mtu mzima, baba wa watoto wanne, akatabasamu!

"Unaona? Iko muzima!"

"Weye njo hautabakia muzima! Funika!"

Afunike na nini? Kaporali alikuwa ametoka kibandani, anakuja kwetu, bunduki begani. Kilikuwa kiangazi, hata tope la kupaka halikuwepo. Nilikuwa nimevaa vitenge viwili, kama mwanamke yeyote wa heshima, na cha juu kilikuwa cha chama, chenye picha ya Rais, kwa sababu siku ya salongo lazima uonekane mzalendo. Nikakifungua, nikakitandaza juu ya ile misalaba, nikachomeka ncha zake kwenye nyufa za bati.

"Citoyenne," kaporali akasema, "juu ya nini unavua nguo?"

"Ninapamba, chef. Avion ya taifa itakaa namna gani bila picha ya Guide wetu?"

Akamtazama Rais. Rais akamtazama yeye. Niliona anavyopima: akikiondoa kile kitenge, atakuwa amemvua Rais mbele ya mashahidi. Mwishowe akanyoosha mkono, akakunjua kikunjo kilichokuwa kwenye pua ya Rais.

"Ni muzuri. Kiache pale pale, muntu asikiguse. Commandant anakuya leo kukagua avion, atafurahi."

Tuliaga kwa adabu, tukaondoka taratibu ingawa miguu yangu ilitaka kukimbia. Tulipofika barabarani nikamporomoshea Damas matusi yote ninayoyajua, mengine ya mama yangu. Alitembea akigeuka kutazama nyuma. Nikachoka, nikaanza kupumua vizuri, nikacheka hata. Tumepona, nikasema. Mungu ambariki aliyebuni kitenge.

Damas akasimama katikati ya barabara.

"Nini tena?"

"Mama Rosalie," alisema, "ile alama iko pande mbili. Ya kule... minye nilianza na ya kule, inaonekana yote."

Jipu ya kijeshi ikatupita, ikatujaza vumbi, ikakata kona kuelekea uwanjani. Nikageuka, nikaanza kuikimbilia, mkono mmoja umeshika fundo la kitenge nilichobaki nacho. Kilikuwa cha maua tu, bila Rais.