Mahali pa Jina

Msumari ulikuwa umeshikwa na kutu, na Kunda alilazimika kuugonga kwa ubapa wa panga kabla haujalegea. Meza hiyo ilikuwa imebeba samaki wakavu wa Pweto tangu enzi za mama yake. Sasa aliibomoa ubao kwa ubao. Kandokando ya barabara yote, wanawake wa Soko la Mapipa walikuwa wakibomoa vilevile, maana ofisi ilitaka njia iwe wazi kabla ya Jumamosi. Kungekuwa na mchezo wa kuigiza wa kusherehekea soko lao na nyimbo zake.

"Mama Kunda, acha kwanza ile mbao," alisema Alexis, mtu wa ofisi ya soko. "Monsieur Franck anataka kukusemesha."

Franck, mtunzi wa mchezo huo, alikuwa amekuja kutoka Golf, mtaa wa matajiri. Alichuchumaa, ili asiongee naye akiwa amemsimamia.

"Mama, balinielezea papa yako alikuwa anapiga gitaa hapa, wakati batu ya reli banatoka ku kazi."

"Alikuwa anapiga."

"Na ile wimbo yake munaimbaka mu soko. Ile njo blues yetu. Ninaitaka mu mwisho ya théâtre."

"Blues njo nini?"

"Wimbo ya huzuni."

"Huzuni ya nani?"

Franck alitabasamu. Kunda akamweleza taratibu, huku akinyoosha msumari juu ya jiwe. Wimbo ule ni wa kilio. Akifa mwanamke wa soko au mtu wa nyumbani kwake, mmoja wao huuimba amesimama barabarani, na katikati ya wimbo pana mahali pa jina la marehemu. Jina likishatajwa, wengine hufunga meza na kukaa chini palepale walipo. Hawainuki mpaka jamaa wa marehemu waje wawashike mikono na kuwainua.

"Kuimba bila maiti, ni kuita lufu," alimaliza, yaani kifo.

"Lakini ni théâtre, Mama. Haiko kweli."

"Lufu inajua théâtre?"

Mwenya, aliyeuza mboga meza ya pili, alicheka bila kuinua kichwa. "Itanunua kwanza tiketi ku mulango."

Alexis hakucheka. Alingoja Franck aende kuangalia jukwaa, kisha akainama karibu na sikio la Kunda.

"Place yako iko ku kona, Mama. Batu bote banapita pale. Kisha ya fête, bamoja batarudia, bengine hapana. Sikufukuzi, ninakuambia tu. Ukiimba, weye utarudia."

Kunda aliitazama kona yake. Waliosogezwa nyuma ya reli mwaka uliopita bado walikuwa huko, na samaki wao waliliwa na wadudu kabla ya kuona mnunuzi.

"Nitaimba," alisema. "Jina sitataja."

Jumamosi mchana wakubwa waliketi chini ya turubai. Wauzaji walisimama nyuma ya kamba. Jukwaani palikuwa na soko la mbao lililopakwa rangi, lenye samaki wa plastiki, na mwigizaji mwenye kitenge kipya aliyetembea ameshika kiuno.

"Ule anauza, ao anacheza?" aliuliza mmoja.

"Samaki gani hata nzi haiitaki," alisema Mwenya.

Kisha Kunda akaitwa. Gitaa lilianza, naye akaimba kwa sauti ileile ndogo aliyoitumia kwenye vilio, kwa kuwa hakuijua nyingine. Alipofika mahali pa jina akafumba mdomo. Gitaa lilimngoja, likazunguka peke yake, likamngoja tena.

Alidhani kunyamaza kungekifungia kifo mlango. Lakini nyuma ya kamba wanawake walijua sababu moja tu ya mwimbaji kukwama pale: jina limemshinda kulitamka. Mwenya alikuwa wa kwanza kukaa chini. Wengine wakafuata, na vikapu vyao, kwa urefu wa kamba nzima.

"Kunda, ni nani? Sema tu," aliita Mwenya.

Mwanamke mmoja, ambaye mwanawe alikuwa mchimbaji kwenye mashimo ya shaba, alianza kulia.

Chini ya turubai watu walipiga makofi. Walisimama, wakanyanyua simu zao. "Ça, c'est du vrai," alisema mama mmoja, kwamba hiki ndicho kitu cha kweli. Franck alifuta machozi, na yalikuwa machozi ya kweli.

Kunda alishuka, akaenda kwenye kamba. "Hakuna mutu alikufa. Muamuke."

Hawakuamka. "Ulianza," alisema Mwenya, bila hasira. "Sasa famille iko wapi?"

Alexis alimfuata akitabasamu. "Bakubwa balipenda sana, Mama. Banasema hii njia haitarudia soko tena. Itakuwa place ya culture. Batafunga grillage ya waya leo leo."

"Na kona yangu?"

"Utakuwa unakuja kuimba," alisema Alexis. "Kila fête."

Turubai lilikuwa bado linakunjwa wakati lori lilipoleta nguzo za chuma. Vibarua walichimba mashimo kwa mstari, palepale zilipokuwa meza, wakasonga hadi kwenye kamba. Msimamizi wao aliwaomba wanawake wasogee. Aliomba tena. Hawakumbishia, wala hawakuinuka; hakuna aliyekuwa amewashika mkono.

"Mama, hii kilio itaisha wakati gani?" msimamizi alimuuliza Kunda.

Kunda alikunja kitenge chake, akakaa chini kando ya Mwenya.

Msimamizi alitazama miguu yao iliyonyooshwa vumbini. Kwa kisigino akachora alama mbele yake, moja baada ya nyingine, mahali pa mashimo yaliyobaki. Kisha akawaambia vibarua waache koleo hapohapo; wataendelea kesho.